Biogesi kutokana na mabaki ya chakula na vinywaji Malindi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kaskazi ikishika na maembe yakianza kudondoka, taka za Malindi hubadilika harufu. Nyuma ya vibanda vya juisi, majikoni mwa hoteli, kwa akina mama wa achari na kwenye viwanda vidogo vya kusindika matunda, maganda na kokwa hurundikana, nzi wakafuata. Mimi ni fundi wa mitambo ya biogesi, na watu huniuliza maswali yale yale: wenye hoteli, mameneja, wanafunzi, hata jirani aliyesikia tu kwamba ganda la embe linaweza kuchemsha chai. Nimeyakusanya hapa. Wengi huanza kwa kuuliza tangi litagharimu pesa ngapi. Mimi huwauliza kwanza tangi litakula nini, kila siku, mwaka mzima, kwa sababu karibu mitambo yote niliyoiona ikifa ilikufa kwa chakula, si kwa saruji.

Biogesi ni kitu gani hasa?

Ni gesi inayotolewa na vijidudu vinapokula mabaki ya vitu vilivyokuwa hai, mahali pasipo hewa. Asilimia 50 hadi 70 ya gesi hiyo ni metani, na hiyo ndiyo inayowaka. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi, kisha mvuke wa maji na haidrojeni salfaidi kidogo, ile inayonuka kama yai viza.

Kazi hufanywa kwa zamu. Kundi la kwanza la vijidudu huyeyusha wanga, protini na mafuta. La pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi. La tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dioksaidi. La nne, ambalo ndilo la kuheshimiwa, huvila hivyo vyote na kutoa metani. Makundi ya mwanzo yana mbio. Hili la mwisho ni la polepole na halipendi kushtuliwa. Ukilishika jambo hili moja umeshika nusu ya ufundi, maana matatizo mengi ya tangi ni kwamba wale wa mbele wamezalisha asidi nyingi kuliko wale wa nyuma wanavyoweza kula.

Nimezoea kusikia biogesi ya samadi ya ng'ombe. Mabaki ya chakula yanafaa kweli?

Yanafaa, na ukipima kilo zilizo sawa, yanaishinda samadi. Ng'ombe ameshajichukulia sehemu yake kubwa kabla samadi haijatoka. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa lita 30 hadi 40 za gesi. Kilo moja ya mabaki ya jikoni, yaani wali, ugali, maganda na mchuzi, inaweza kutoa lita 80 hadi 150 kutegemea maji yaliyomo.

Wala si jambo geni nchini. Mtambo wa kwanza wa biogesi Kenya ulijengwa mwaka 1957 na Tim Hutchinson kwenye shamba la kahawa. Naivasha kuna mtambo wa Gorge Farm unaozalisha umeme kutokana na mabaki ya shambani, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 2. Hapa karibu, katika kaunti yetu, Kilifi Plantations walishatumia mabaki ya mkonge kuzalisha gesi ya kuendesha jenereta.

Samadi lakini haiachwi. Ndiyo mbegu. Tangi jipya hujazwa kwanza samadi mbichi, au taka za tumbo la ng'ombe kutoka kichinjioni, kwa sababu vijidudu vya kutoa metani tayari vimo humo. Ganda la embe peke yake halina vya kutosha.

Mabaki gani ya hapa kwetu ni mazuri, na yapi niyaache?

Nianze na mazuri. Machicha ya nazi baada ya kukamuliwa tui yana mafuta, na mafuta ndiyo chakula chenye gesi nyingi kuliko vyote: kilo moja ya mafuta makavu hutoa gesi karibu mara moja na nusu ya kilo moja ya wanga, tena gesi yenye metani nyingi zaidi. Maganda na nyama ya embe, papai, nanasi na tikiti. Wali, mkate, tambi na unga wa pitsa kutoka hoteli za Casuarina na Watamu. Viazi karai na mahamri yaliyolala. Juisi na soda zilizopita muda wake. Tembo la mnazi lililochacha kupita kiasi. Maziwa yaliyoharibika. Matumbo ya samaki, kwa kipimo.

Hicho kipimo nikieleze. Samaki ana protini nyingi, na protini ikivunjwa hutoa amonia. Amonia ikizidi huwaua vijidudu wa metani. Maganda ya matunda, kwa upande wake, yana sukari nyingi na naitrojeni haba. Kwa hiyo kile kinachokosekana kwa mmoja kiko kwa mwenzake. Vijidudu hupenda sehemu 20 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, na ukichanganya ndoo nyingi za maganda na ndoo chache za matumbo ya samaki unakaribia hapo bila maabara. Malindi ina embe na samaki kwa pamoja. Ni baraka ambayo mji wa bara hauna.

Sasa yale ya kuacha. Makumbi na vifuu vya nazi havioziki tangini, vitaelea na kuziba bomba. Hivyo ni kuni. Kokwa za embe zina ganda gumu, ziondoe, au zipasue utie kiini peke yake. Maganda ya ndimu, machungwa na malimau yana mafuta yaitwayo limonini ambayo ni sumu kwa vijidudu. Kidogo hakidhuru, gunia zima litakusimamishia gesi. Magamba ya kaa na kamba, mifupa mikubwa na mchanga hukaa chini na kula nafasi ya tangi. Na kubwa kuliko yote ni dawa za kusafishia: jiki, magadi makali ya kuoshea mashine, sabuni ya kuua viini. Katika kiwanda cha vinywaji maji ya kuoshea mabomba lazima yatenganishwe na maji ya sukari, kila moja na mfereji wake.

Mashapo ya nafaka kutoka viwanda vya bia nayo hutoa gesi nzuri. Ila ng'ombe huyapenda na wafugaji huyalipia. Kinacholiwa na mnyama kiliwe na mnyama. Tangi lipewe kile ambacho hakuna mwingine anayekitaka.

Kiwanda changu cha juisi hutoa tani moja ya maganda kwa siku. Nitapata nini?

Tupige hesabu pamoja. Tani moja ya maganda mabichi ya embe ina takriban kilo 200 za vitu vikavu, na katika hizo kama kilo 180 zinaweza kuliwa na vijidudu. Kila kilo ya hizo hutoa karibu nusu mita ya ujazo ya gesi. Unapata basi mita za ujazo 80 hadi 100 kwa siku.

Mita moja ya ujazo ya biogesi hufanya kazi ya karibu kilo 0.45 za gesi ya mtungi. Kwa hiyo ni kama kufungua mitungi 3 ya kilo 13 kila siku. Ukitaka umeme, mita moja ya ujazo kwenye jenereta hutoa yuniti 1.5 hadi 2, yaani yuniti 120 hadi 200 kwa siku.

Ushauri wangu ni kuichoma gesi kwa ajili ya joto kabla hujafikiria jenereta. Jenereta hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kama joto, na haidrojeni salfaidi hula injini yake. Kiwanda cha juisi kinahitaji joto kila siku kuchemshia juisi na kuoshea chupa, na kama sasa unachoma kuni au dizeli, biogesi itaingia hapo moja kwa moja ukibadilisha kichomeo tu.

Tangi lenyewe: tani moja ya maganda yaliyosagwa na tani moja ya maji ni mita 2 za ujazo kwa siku. Zikae siku 40. Hiyo ni mita 80 za ujazo za tope, ongeza na nafasi ya gesi. Mtu akikuambia atakujengea la mita 20 kwa mabaki hayo hayo, muulize siku 30 zilizobaki amezitoa wapi.

Na maji machafu yenye sukari, je? Hayo si maganda.

Hayo hayahitaji kukaa siku 40. Sukari imeshayeyuka, kazi ya kundi la kwanza la vijidudu imeshafanyika. Katika miaka ya 1970 Gatze Lettinga na wenzake huko Wageningen, Uholanzi, walitengeneza tangi ambalo maji huingia kwa chini na kupanda polepole kupitia tabaka la tope lenye punje za vijidudu. Punje ni nzito, hubaki. Maji hupita yakiwa yameacha sukari yake. Maji hukaa humo saa chache tu, kwa hiyo tangi linakuwa dogo. Viwanda vingi vya bia na soda duniani hutumia mfumo huu.

Usitarajie gesi nyingi kutoka kwa maji mepesi. Tuseme lita 1000 za maji ya kuoshea zina kilo 4 za uchafu, ukipimwa kwa oksijeni inayohitajika kuumaliza. Kilo moja ya uchafu huo ikiliwa yote hutoa mita za ujazo 0.35 za metani, na tangi zuri huondoa kama asilimia 80. Unabaki na mita 1.1 za metani, sawa na mita 1.8 hivi za biogesi. Faida kubwa hapa ni usafi wa maji, gesi ni nyongeza. Kwa kiwanda kidogo mimi husema tumia maji hayo kusagia maganda badala ya maji safi, halafu yote yaingie tangi moja.

Mtambo wangu ulianza vizuri, kisha moto ukadhoofika na gesi ikakatika. Nini kimetokea?

Karibu bila shaka tangi limechacha. Nalijua hili kwa uchungu. Mtambo wangu wa kwanza wa mabaki ya matunda niliuwasha Oktoba kwa samadi, ukawaka uzuri, na Desemba maembe yalipofurika nilitia kila nilicholetewa. Niliona kuwa kuyatupa ni dhambi. Siku ya nne moto wa jikoni ulikuwa ukizima wenyewe. Siku ya kumi tangi lilinuka siki na halikutoa hata povu. Ilinichukua hadi mwisho wa Februari kulifufua, na msimu wote wa embe ukanipita nikiwa natazama tangi lililokufa, huku mama aliyeniamini akirudi kununua makaa.

Kilichotokea ni ile mbio niliyoieleza mwanzo. Sukari ya embe huvunjwa haraka mno. Asidi ikajaa, kipimo cha pH kikashuka chini ya 6.5, na vijidudu wa metani ambao hutaka pH ya 6.8 hadi 7.5 wakaacha kufanya kazi. Wakiacha, asidi haina mlaji, inazidi tena.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye moto, si kwenye kipimo cha gesi. Gesi inaweza kuwa nyingi ile ile lakini kaboni dioksaidi imepanda, kwa hiyo moto unaruka na kuzima. Ukiona hivyo, acha kulisha siku hiyo hiyo. Nunua karatasi za kupimia pH. Maduka yanayouza dawa za mabwawa ya kuogelea huwa nazo, na Malindi hayakosekani. Ikiwa pH iko 6.5 hadi 6.8, kupumzika siku kadhaa kunaweza kutosha. Ikishuka zaidi, koroga chokaa iliyozimwa, ile ile ya kupaka kuta, kwenye maji na utie kidogo kidogo huku ukipima. Usiitie kwa mkupuo: chokaa hunyonya kaboni dioksaidi iliyomo, shinikizo hushuka ghafla na mfuko wa gesi unanywea, na tangi la kuba linaweza kuvuta hewa ndani. Kisha ongeza samadi mbichi kama mbegu mpya, na ukirudi kulisha anza na sehemu ya kumi ya kipimo chako, upande taratibu kwa wiki 6 hadi 8.

Tangi ni tumbo. Mtu aliyefunga mwezi mzima hapewi sahani tatu za biriani usiku wa kwanza.

Msimu wa embe ukiisha, tangi litakula nini?

Hili ndilo suali ambalo ningependa kila mtu aliulize kabla ya kuchimba shimo. Msimu mkubwa wa embe Pwani ni kuanzia Novemba hadi Machi hivi, kisha kuna ule mdogo katikati ya mwaka. Hoteli nazo hujaa Desemba na Agosti, zikapwaya wakati wa masika. Ukijenga tangi la kumeza kilele cha Januari, Mei litakuwa na njaa. Ukijenga la Mei, Januari utatupa taka jaani.

Jibu langu ni kujenga la katikati na kuweka akiba. Maganda yaliyosagwa, yakashindiliwa kwenye mapipa au mifuko mizito bila hewa, huchacha yenyewe na kukaa miezi kama malisho ya ng'ombe. Yakitoka humo yana asidi, kwa hiyo yachanganye na samadi au samaki. Pili, tafuta walishaji wengine mapema: soko, kichinjio, wauza samaki, hoteli. Wape ndoo zenye vifuniko na siku maalum ya kuzichukua, na usiikose siku hiyo hata mara moja, maana mpishi akibaki na ndoo inayonuka usiku mmoja hatakupa tena.

Kuna faida nyingine ya kukusanya embe zilizodondoka shambani, ambayo wakulima wa Magarini na Ganda wataielewa upesi. Nzi wa matunda Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, tena hapa Pwani, hutaga ndani ya embe, na mabuu hukulia humo hadi yaingie mchangani. Embe lililosagwa na kuingia tangini halitoi nzi.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Yanaharibu tangi?

Kama watu wanaweza kuyafulia na ng'ombe wanayanywa, hayana shida. Vijidudu huanza kulalamika sodiamu ikifika gramu 3.5 hivi kwa lita, ingawa wakizoeshwa polepole huvumilia zaidi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na karibu 11 kati yake ni sodiamu. Hayo ni maji yale yale yanayokaushwa na jua Gongoni na Marereni kuwa chumvi ya mezani. Usiyatie tangini kabisa.

Chumvi ya kuogopa hasa ni ile tunayoiongeza wenyewe: maji ya kulowekea achari, maji ya kuoshea ng'onda na papa. Mama wa achari anipe maganda yake, ila yale maji ya chumvi ayamwage kando.

Joto la Malindi linasaidia?

Sana. Vijidudu hawa hufurahia nyuzi 35 hadi 37. Ulaya huchoma sehemu ya gesi yao ili kupasha tangi joto. Hapa hata usiku wa kusi ni nadra kushuka sana chini ya nyuzi 22, kwa hiyo tangi la chini ya ardhi hufanya kazi mwaka mzima bila kupashwa. La mfuko juu ya ardhi lipewe kivuli cha makuti, kwa sababu jua la Februari huchosha plastiki.

Naweza kuijaza kwenye mitungi niiuze mjini?

Hapana, na tafadhali usijaribu. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo hugeuka kuwa kimiminika kwa shinikizo dogo katika joto la kawaida. Metani haigeuki hata uishindilie vipi. Mpaka ipozwe chini ya nyuzi 82 hasi. Mtungi wa kilo 13 uliojazwa biogesi ungebeba gesi ya kuchemsha birika tu. Ili kubeba metani ya maana, husafishwa kwanza kaboni dioksaidi, kisha hukandamizwa hadi shinikizo la baa 200 katika mitungi maalum. Hiyo ni kazi ya kiwanda kikubwa. Gesi yako itumie pale pale ilipotoka au kwa jirani wa karibu kwa bomba.

Ni hatari?

Ina hatari zake, na zinajulikana. Metani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka. Kwa hiyo bomba na mfuko viwe nje au penye upepo, na uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya kwanza kabisa kutoka tangi jipya iachilie hewani mbali na moto, kwa kuwa bado ina hewa ndani.

Nitakalolirudia kwa kila mtu ni hili: usiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja. Haidrojeni salfaidi kidogo hunuka, lakini ikiwa nyingi huua hisia ya kunusa, ukadhani hakuna kitu. Mtu huanguka, mwenzake huingia kumtoa, naye huanguka. Kama lazima lisafishwe, liwe wazi, lipulizwe hewa, na kazi wafanye wenye vifaa vya kupumulia.

Kabla gesi haijafika jikoni ipitishe kwenye kopo lenye nyuzi za chuma zilizoota kutu. Kutu huishika ile haidrojeni salfaidi. Weka pia mtego wa maji mahali pa chini kabisa pa bomba. Moto ukichezacheza bila tangi kuchacha, mara nyingi ni maji bombani.

Jirani wanalalamikia harufu.

Mtambo unaofanya kazi haunuki. Kinachonuka ni ndoo zilizosubiri kulishwa. Saga na ulishe siku ile ile, osha sakafu, funika shimo la kuingizia. Na kama ni gesi inavuja, irekebishwe upesi, maana metani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Tangi linalovuja linaondoa sehemu ya wema wote uliokusudia.

Gesi iliyotokana na mabaki yenye nguruwe au pombe, naweza kupikia futari?

Hoteli za watalii hutoa mabaki ya kila aina, na suali hili huulizwa kwa dhati. Mimi naweza kusema tu la kifundi: kinachowaka ni metani, na chakula hakigusani na tope. Kuhusu hukumu, wanavyuoni wametofautiana juu ya najisi iliyogeuka kuwa kitu kingine, basi muulize shekhe unayemwamini. Moyo ukisita, jenga tangi la mabaki ya matunda na nazi peke yake. Nimeshajenga la namna hiyo kwa ajili ya madrasa, na linawaka kama mengine.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na hilo peke yake limerahisisha kazi yetu. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ndiyo ya kuendewa kabla ya kujenga mtambo wa kiwanda. Kuhusu maji yanayotoka, kanuni za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa uhitaji wa oksijeni wa kibayolojia (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kumaliza uchafu uliomo), na 50 kwa ule wa kikemikali, kama yanamwagwa kwenye mazingira.

Nisikufiche: tangi la biogesi peke yake halifikishi maji kiwango hicho. Litaondoa sehemu kubwa, lakini kinachobaki lazima kiende shambani kama mbolea au kipitie mabwawa ya matete. Usikubali bomba la kuelekea ufukweni. Mji huu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji hupenya kama kwenye chekecheo hadi visimani, na mbele yetu kuna hifadhi ya baharini iliyotangazwa tangu 1968.

Kwa wanaotaka umeme, Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 kuingia mpango wa kubadilishana yuniti na gridi. Ongea mapema na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli.

Gharama je?

Bei hubadilika kila saruji inapopanda, kwa hiyo sitaandika tarakimu. Nitasema ya kulinganisha. Mfuko wa plastiki nzito ni wa bei nafuu, huwekwa kwa siku chache, na huchoka mapema. Kuba la matofali chini ya ardhi ni ghali mara kadhaa, lakini likijengwa na fundi anayejua kupiga lipu isiyopitisha gesi, hukaa miaka 20. Mchanga wetu wa pwani una chumvi, usijengee huo. Na watu husahau mashine ya kusaga na mshahara wa mlishaji. Mlishaji ndiye mtambo. Umpe mtu mmoja kazi hiyo, kwa jina lake, siyo "yeyote atakayekuwepo".

Tope linalotoka nilipeleke wapi?

Shambani. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizoingia zimebaki humo, tena katika hali ambayo mmea huichukua haraka. Lichanganye na maji sawa kwa sawa, mimina kuzunguka shina la mnazi, papai au mchicha, jioni, ufunike na udongo ili amonia isipotee hewani. Kwa mboga zinazoliwa mbichi ngoja angalau mwezi mmoja, au litumie kwenye mboji kwanza.

Ramadhani jiko la mchana hulala na la usiku hufurika. Nilishe vipi?

Gesi hutoka mchana na usiku bila kujali saa ya kufuturu, kwa hiyo tatizo la kwanza ni mahali pa kuiweka. Mtambo wa mita 90 kwa siku hutoa karibu mita 4 kwa saa. Kama jiko litawashwa saa tisa alasiri hadi usiku tu, unahitaji mfuko wa kushika gesi ya saa zisizopungua 15, yaani mita 60 hivi. Mwezi huo mimi hukodisha mfuko wa pili.

Kuhusu kulisha, mabaki ya usiku wa futari na daku yasiingie yote alfajiri. Yagawe mara mbili, nusu asubuhi na nusu baada ya alasiri, na tambi za sukari, kaimati na uji uliobaki vigawanywe kwa siku mbili tatu. Pima pH kila baada ya siku mbili badala ya mara moja kwa wiki. Siku ya Idi usilishe kabisa, limeshashiba.